Kitambaa Cheusi cha Mama Pipa

Nyumba ya Mama Pipa haikauki watu. Ukipita asubuhi utamkuta jirani kaja kuazima chumvi. Ukipita jioni utamkuta jirani yuleyule, chumvi kaisahau, umbea unaendelea. Jina la Mama Pipa lilitokana na bia yake. Aliipika mwenyewe uani, kwa kimea na hamira, akawanywesha wageni wa nyumbani.

Miaka yote alitumia pipa la plastiki. Safari hii mumewe alimletea pipa jipya la chuma cha pua, kile ambacho watu wanakiita stenlesi. Lilikuwa na mfuniko wa kubana na koki chini. Liling'aa hata ungeweza kufunga kilemba mbele yake kama kioo.

Pipa lilikuja na kazi yake. Baba mkwe alikuwa anastaafu. Sherehe ilikuwa imebakiza wiki tano, na kwa mara ya kwanza kinywaji alikabidhiwa Mama Pipa. Sherehe zote za nyuma, kinywaji kilikuwa mikononi mwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Haya, nimekuachia," wifi alisema siku alipokuja kuliona pipa. "Usituaibishe tu."

Mama Pipa alitabasamu kwa meno. Moyoni aliliweka hilo neno.

Akaingia jikoni kuchukua chai. Kupitia dirishani akaona jambo. Wifi alikuwa ameinama, mkono umezama ndani ya pipa hadi kwapani. Mkono ukatoka na kitambaa kidogo. Wifi akakitazama. Akatupa jicho mlangoni. Kisha akakisokomeza kwenye mkoba.

Chai ilipofika, wifi akauliza kama vile hakuna kitu, "Hili pipa umeliosha?"

"Nimeliosha. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Ningekuwa wewe, ningeliosha tena."

Alipoondoka tu, Mama Pipa alilisuuza pipa mara tatu kwa maji baridi. Akalifuta kwa kitambaa chake cheusi, kipande cha sketi kuukuu. Alikipenda kwa sababu hakionyeshi uchafu. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa vilevile. Akapika bia yake.

Baada ya wiki mbili alifungua koki mbele ya mumewe. Bia ilitoka na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Povu lilipanda kidogo, likafa.

Mumewe akaonja. "Ni kama nimelamba ufunguo."

"Muulize dada yako."

"Dada yangu kafanya nini tena?"

"Mkono wake ulifuata nini kwenye pipa langu? Na kile alichokificha mkobani ni kitu gani?"

Mumewe akaweka glasi chini taratibu. "Mke wangu, neno hilo likitoka humu ndani halirudi. Baba atastaafu huku watoto wake hawasalimiani."

"Basi likitoka litoke." Alikwisha kushika simu.

Hapo ndipo Bi Tangi alipoingia bila kubisha. Bi Tangi alikuwa jirani wa ukuta mmoja, kazi yake kuosha matangi kwenye kiwanda cha maziwa. Masikio yake yalikuwa yameshafika kabla yake.

"Weka simu, shoga yangu. Nipe kitambaa nione hilo pipa."

Mama Pipa alimpa kile cheusi.

"Hiki kitanionyesha nini? Hata masizi yakifika hapa yanajiona yako kwao. Nipe cheupe."

Walimwaga ile bia, wakasuuza pipa, wakalikausha. Bi Tangi akatia matone ya mafuta ya kupikia kwenye kitambaa cheupe, akasugua ndani, karibu na mshono wa chuma. Kitambaa kikatoka cheusi kama kimefuta mnyororo wa baiskeli.

Mama Pipa alikitazama kwa jicho la kando. "Hukuwa na kitu mkononi?"

"Sugua mwenyewe."

Akasugua mwenyewe. Cheusi.

"Huu ni uchafu wa kiwandani," Bi Tangi akaeleza. "Chuma kinakatwa kwa mafuta, kisha kinang'arishwa kwa dawa nzito. Mabaki yanaganda. Maji baridi hayayagusi. Ndiyo yaliyoua povu lako, ndiyo yaliyotia hiyo ladha. Bia kama hiyo si ya kunywa."

"Mbona pipa linang'aa?"

"Kung'aa si kuwa safi. Vaa glovu."

Walisugua kwa mafuta, wakibadilisha vitambaa, mpaka kimoja kikatoka cheupe. Wakafungua koki, wakatoa mpira wake, wakasafisha na humo. Wakaosha kila kitu kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto ili mafuta yasibaki. Kisha Bi Tangi akapima vijiko vitano vya soda ya kufulia kwenye kila lita kumi za maji ya moto. Wakajaza pipa na kuliacha saa nzima.

Mama Pipa alichukua sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, ili kazi iende haraka. Bi Tangi akamshika mkono.

"Hiyo inakwaruza, na kutu inaanzia kwenye mikwaruzo. Dawa ya klorini pia usitie, inakula chuma. Na usiichanganye kamwe na siki, moshi wake unaumiza mapafu."

Waliposuuza soda yote, walipaka siki iliyochanganywa na maji. Baada ya nusu saa wakasuuza tena, wakaliacha pipa wazi likauke.

Mama Pipa alikaa akivitazama vile vitambaa vyeusi kwenye beseni. Kisha akampigia wifi yake.

"Wifi, siku ile kitambaa chako kilitoka na nini?"

"Weusi. Nikakificha, kaka asije akaona akakucheka."

"Na mimi hukuniambia?"

"Nilikwambia uoshe tena. Ningesema zaidi, ungesema nina wivu."

Mama Pipa alijua ndivyo hasa angesema. Akasema, "Njoo kesho tupike wote. Na unisamehe, nilikuwa nakufikiria vibaya."

"Najua," wifi akasema. "Nilikuona dirishani."

Siku ya sherehe, bia ilitoka na rangi ya asali, povu limesimama. Baba mkwe alimaliza glasi ya kwanza, akanyoosha mkono apewe ya pili. Wifi naye akanywa, povu likamkaa juu ya mdomo. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa chake kidogo, kilekile cha siku ile, akajifuta.

Mama Pipa alikuwa anakitazama hicho kitambaa. Wifi akamwona. Akakikunjua, akakiinua juu ya vichwa vya wageni ili akione vizuri.

Kilikuwa kimefuliwa. Cheupe.