Mgeni wa Kiti cha Mbele

Kengele ya mkanda ililia, na Mwalimu Nyangate alikuwa peke yake garini.

Wenye magari ya siku hizi wanaijua kengele hiyo. Ukikaa bila kujifunga mkanda, gari linakupigia makelele mpaka ujifunge, kama mke aliyekuona ukiingia sebuleni na viatu vya matope. Nyangate alijitazama kifuani. Mkanda wake ulikuwa umefungwa. Akatazama dashibodi. Kitaa chekundu kilichowaka kilikuwa cha kiti cha pembeni yake, na kwenye kiti hicho hapakuwa na mtu wala mfuko.

"Ni unyevu tu," alijiambia. Huko kijijini kwake Magwagwa mvua hunyesha karibu kila alasiri, na hakuna kitu cha umeme kinachopenda maji. Akalizima gari, akaenda zake kulala.

Gari halikuwa lake, na hata kuliendesha hakujua. Lilikuwa la Celestine, binti yake wa pekee, muuguzi huko Doha. Alilinunua alipokuja likizo, haibridi inayotumia petroli na umeme, ya rangi ya fedha, akampeleka baba yake Kisii mjini mara kadhaa akiwa amekaa mbele kama waziri. Kisha likizo ikaisha. Siku ya kuondoka alimwachia kazi moja.

"Tata," alimwambia, maana Wakisii humwita baba hivyo, "hii gari ikikaa sana bila kuwashwa betri inakufa. Uiwashe kila wiki, ukae ndani kidogo, ndio uzime. Disemba nikikuja niipate ikiwa hai."

Fundi Zubair, kijana wa Kisii mjini anayetengeneza haibridi, alikuja kumweleza vizuri. "Mwalimu, hapa kuna betri mbili. Hii ndogo ndio inaamsha kompyuta. Hata gari ikilala, king'ora cha wezi kinaendelea kuinyonya kidogo kidogo. Ndogo ikikufa, hii kubwa haina mtu wa kuiamsha, na yenyewe pia inaisha polepole. Sasa ukiwasha, usishtuke ukikosa kusikia mngurumo. Ngoja taa ya kijani. Betri ikisikia njaa, injini itajiwasha yenyewe."

Nyangate alichagua Ijumaa jioni. Yeye ni Msabato. Jua likitua Ijumaa, Sabato imeingia na kazi zote zimesimama, kwa hiyo alipenda kulimaliza jambo la gari mapema. Lakini ilikuwepo sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Tangu mkewe Nyamusi azikwe kule karibu na migomba, alishindwa kuikaribisha Sabato ndani ya nyumba. Zamani waliketi watatu, wakaimba, kisha yeye akasema maneno aliyomfundisha Celestine tangu utoto, kwamba Sabato ni mgeni na mgeni hupokewa kwa heshima: "Karibu, mgeni wetu. Tumekungoja wiki nzima. Ingia ukae nasi." Kuyasema maneno hayo mbele ya viti vitupu kulimuuma mno. Garini palikuwa padogo, palikuwa na kitaa cha kijani, na upweke haukuwa na nafasi ya kutembeatembea. Basi kila Ijumaa akafungua mlango wa abiria hewa ipite, akaimba, akakaribisha.

Tusimcheke. Mtu aliyezoea kuulizwa chai iwe na sukari ngapi, akikosa wa kumuuliza, anaweza kuzungumza hata na jiwe.

Ijumaa iliyofuata kengele ililia tena. Mara hii Nyangate alifanya ujanja wa madereva wote wavivu: akauvuta mkanda wa kiti kile kitupu, akauchomeka. Kengele ikanyamaza. Akacheka kidogo, akaanza kuimba, na alipofika ubeti wa pili akasikia harufu ya udi. Aliijua kutoka maduka ya Waislamu mjini, akadhani ni koti la Zubair lililoiacha. Akageuka atazame kama fundi alisahau kitu kitini.

Mkanda haukuwa umelala kama mkanda unavyolala juu ya kiti kitupu. Ulikuwa umekaza, umetuna mbele, umepita hewani pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa, na ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, polepole, kwa utulivu wa mtu aliyefika alikokuwa akienda na sasa anapumzika.

Nyangate alitoka mbio. Aliacha gari likiwaka, akajifungia ndani, akafunika kichwa kwa blanketi kama mtoto. Asubuhi alikuta gari limezimwa na milango yote imefungwa vizuri.

Kwa woga huo, na homa iliyomshika baadaye, hakuligusa gari kwa zaidi ya mwezi. Alipopona akakumbuka ahadi yake kwa Celestine, akaona haya. Betri itakuwa imekufa kitambo, alifikiri, na mtoto atakuja apate chuma. Akaenda Ijumaa moja kabla ya jua kutua. Hata hakubonyeza kitufe. Alipoketi tu, taa ya kijani ikawaka, na kipimo cha betri kilikuwa kimejaa mpaka juu.

"Nilidhani umenisahau," ilisema sauti ya mwanamke pembeni yake, chini sana.

Nyangate alishika kitasa cha mlango. "Wewe ni nani?"

"Si ulinikaribisha?"

Sasa hapa ndipo mtu mwingine angehama nyumba. Lakini niseme ukweli: Nyangate alibaki. Aliogopa, na alibaki, kwa sababu sauti ile iliendelea kumuuliza kama homa imeisha na kama amekula, na hakuna mtu aliyemuuliza hayo mwezi mzima. Akajibu. Kesho yake jioni akarudi, na siku iliyofuata. Alimweleza mgeni wake habari za majani chai, za goti lake, za Nyamusi. Mgeni alisikiliza, mkanda ukipanda na kushuka. Majirani waliona tu mzee amekaa garini, wakasema anamkumbuka binti.

Jambo lilibadilika siku aliposema Celestine anakuja Disemba.

Mkanda ulisimama. Ulisimama kabisa, pumzi imekatwa, na vioo vya gari vikaanza kupata ukungu kwa ndani, upande wa abiria kwanza, kisha nyuma, kisha mbele yake, mpaka akawa haoni nyumba wala migomba wala mwanga uliobaki wa jua, na katika ukungu ule harufu ya udi ikazidi kuwa nzito hadi ikamkwama kooni.

"Akija," sauti ikauliza, "atakaa wapi?"

"Ni... ni gari yake. Yeye ndiye dereva."

"Na wewe utakaa hapa nilipo mimi. Na mimi?" Kisha, kwa upole uliomtisha kuliko hasira: "Asije. Akija, nitamshikia usukani barabarani."

Jumatatu Zubair aliitwa. Alichomoa waya wa betri ndogo, akaishika betri mkononi, na dashibodi bado iliwaka. Akairudisha bila kuiangalia.

"Mwalimu," alinong'ona, "hii betri mita inasoma sufuri. Imekufa kitambo. Hii gari haiwashwi na betri." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ngoja nimlete mama."

Mama yake, Bi Firdaus, anauza vitambaa mjini, na watu humwita panapohitajika kisomo cha Kurani cha kutoa majini. Alifika mchana kweupe, akasoma akiwa amesimama kwenye mlango wa abiria mpaka jasho likamtoka. Mkanda ulipumua tu. Akafunga mlango taratibu, akamvuta Nyangate mpaka penye chai.

"Mwalimu, huyu hakuingia kwa nguvu. Uliwahi kumwambia nini?"

Nyangate akamweleza, kwa aibu, jinsi alivyokuwa akiikaribisha Sabato.

"Ulimtaja jina huyo mgeni?"

"Nilisema mgeni tu."

"Na mlango ulikuwa wazi, wakati wa magharibi, hukutaja nani aingie nani asiingie." Bi Firdaus alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi kisomo changu hakimtoi. Amekaribishwa na mwenye nyumba, ataagwa na mwenye nyumba. Wageni nyinyi mnawaaga vipi?"

"Tunawasindikiza mpaka barabarani."

"Msindikize. Mwambie kwaheri, ugeuke. Neno moja hilo hilo, usiongeze lingine. Umenisikia, Mwalimu? Usiongeze."

Jumamosi Sabato ilipokuwa ikitoka, Nyangate alifungua mlango wa abiria. Simu aliiacha mezani ndani. Akachomoa mkanda, akasema kwa sauti iliyomkatikakatika, "Mgeni wangu, nakusindikiza." Alilia, na hakuona haya kulia. Alijiwaza akiwa mwenyewe tena ndani ya nyumba ile, na akawaza mikono ya Celestine kwenye usukani, akaanza kutembea.

Walishuka pamoja kwenye kinjia cha majani chai. Yeye aliona nyayo zake peke yake kwenye tope, lakini kiwiko chake kilikuwa kimeshikwa, kwanza kwa vidole vyepesi, kisha kwa mkono mzima, kisha kwa uzito wa mtu aliyechoka au asiyetaka kufika, na kila walipopita kichaka matone ya mvua yalidondoka upande ambao yeye hakuugusa, na mbwa wa jirani alinyamaza katikati ya kubweka, na mahali fulani kabla ya barabara mgeni alianza kuimba chinichini ule wimbo wa kuikaribisha Sabato, akipatia maneno yote.

Wakafika kwenye lami. Hapakuwa na gari wala mtu. Mkono ukaachia kiwiko.

"Kwaheri," alisema Nyangate.

"Asante kwa kunipokea," ilisema sauti. "Ulinipokea vizuri."

Na Nyangate, mtu aliyefunzwa adabu na mama yake, aliyefundisha adabu watoto wa watu miaka yote ya kazi, alijibu bila kufikiri yale ambayo kila mtu wa kwetu humjibu mgeni anayeondoka.

"Haya, asante. Karibu tena nyumbani."

Alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Alingoja. Hakusikia kitu. Ni heshima tu, alijiambia njiani akirudi, akiteleza kwenye tope. Ni maneno ya mdomo, hata jini anajua hayo.

Alipofika alijaribu gari kwanza. Halikufunguka kwa rimoti. Ndani giza, hakuna kitaa, hakuna harufu. Betri ilikuwa imekufa kama betri yoyote ya gari lililokaa muda mrefu, na Nyangate alilipigapiga boneti kwa furaha na majonzi pamoja. Zubair ataleta betri nyingine. Celestine ataendesha salama.

Simu ilikuwa ikilia alipoingia.

"Tata, usikasirike," alisema Celestine. "Disemba sikuji. Mkataba wameongeza, na nikikataa nitapoteza kazi. Pengine mwaka kesho kutwa."

Nyangate alitafuta ukuta, akauegemea.

"Tata? Uko?"

"Niko."

"Lakini sasa nimepoa kidogo. Nilikuwa nalia nikifikiria vile utakaa peke yako. Nilipiga dakika chache zilizopita, huyo mama ndio akachukua simu. Akaniambia umetoka kusindikiza mgeni. Sauti yake ni nzuri, Tata. Akasema nisiwe na haraka ya kurudi, yeye yuko. Ni nani?"

Jikoni, ambako hakuwa amewasha moto, mwiko uligonga ukingo wa sufuria. Moshi ulianza kupita chini ya mlango. Alitazama mlango wa nje, uliokuwa bado wazi nyuma yake, na giza la migomba, na njia ndefu mpaka kwa jirani wa kwanza.

"Ni mgeni," alimwambia binti yake.

Akakata simu, akafunga mlango, akavuta kiti, akaketi kungoja chakula.