Dakika Ndefu ya Elirehema

Moyo-mtambo ulikuwa ukisukuma damu kifuani mwa mzee Elirehema, na kwaya nzima ya mtaa wa Vinu vya Upepo, jijini Singida, ilikuwa ikiufuata mkono wake, ambao siku zote ulihesabu kwa mapigo ya moyo huo. Namsifu, mkewe, aliketi benchi la nyuma akiwamenyea waimbaji machungwa. Ndiye aliyeandika kiini cha mioyo-mitambo ya aina ile, yaani programu ya ndani kabisa, inayoziambia nyingine zote lini zifanye kazi.

Leo wimbo ulikuwa ukikokota miguu.

"Mwalimu, tunaimba au tunazika?" akadakia binti mmoja mgeni. Wenzake wakamkodolea macho, akanywea.

Mazoezi yalipokwisha, Namsifu alimvuta kando Ndeshi, mwimbaji wa siku nyingi. "Tangu lini anaimbisha hivi?"

"Tangu masika, dada. Yeye akipunguza mwendo, nasi tunapunguza. Tulikubaliana asijue. Mwalimu wetu amezeeka, tumwaibishe ili iweje?"

Namsifu akamshika mikono, akamshukuru, maana ulikuwa wema mtupu. Kisha akatoka nje, akaipigia simu hospitali kuuliza habari za mioyo ile.

Nyumbani akamgusisha mumewe kipimo kifuani. Moyo-mtambo ukaandika kwenye kioo cha kipimo: mapigo sabini kwa dakika, hakuna hitilafu. Namsifu akayahesabu mapigo yaleyale kwa saa ya ukutani. Hayakufika arobaini.

"Unasemaje huo moyo, mama Eliamani?"

"Unasema mzima."

"Na wewe unasemaje?"

"Haudanganyi, baba Eliamani. Dakika yake ndiyo imerefuka."

Akamweleza taratibu, huku akimfunika miguu kwa shuka. Kila moyo-mtambo una saa mbili ndogo za fuwele. Moja hupima muda, ya pili huilinda. Zikipishana, kiini hupiga king'ora. Wakati wa majaribio zilipishana kwa kitu kidogo sana, lakini ving'ora viliwaamsha wagonjwa, wengine wakilia wakidhani wanakufa. Namsifu aliwaonea huruma. Akaagiza saa zote mbili zikatwe kwenye fuwele moja, zifanane. Kelele zikaisha, watu wakampongeza. Sasa joto la mwili lilikuwa limezichosha pamoja. Zilichelewa pamoja, na kila moja ikiulizwa, iliapa kwamba mwenzake anasema kweli.

"Mashahidi wa tumbo moja," Elirehema akacheka. Kicheko kikamkata pumzi. "Si uupe moyo hiyo saa ya ukutani uifuate?"

"Hautaipokea. Mlango wa saa za nje niliufunga mwenyewe. Tuliogopa wahalifu wasije wakawarushia watu saa za uongo."

"Basi uuzime, kisha uuwashe."

"Kiini hukawia kuamka. Damu yako haitakisubiri."

Elirehema akamgeukia. "Na hospitali?"

Namsifu aliitengeneza shuka ambayo haikuwa imeharibika. Hospitali ilikuwa imeanza kuwaita watu wote wenye mioyo ile. Vijana wangepasuliwa na kuwekewa mingine. Kuhusu wazee ambao mishipa yao haiwezi kushonwa tena, daktari aliuliza tu kama nyumbani kuna mtu wa kukaa nao.

"Wamesema nikae nawe," akajibu.

Elirehema alielewa. Akamfuta machozi kwa upande wa kiganja, kama siku ile walipomzika mtoto wao Eliamani.

"Ulitaka watu walale, mke wangu."

"Walilala. Nami nikalala."

"Niimbie basi ule wa leo. Yule binti alituharibia."

Akamwekea kidole kiganjani ili amhesabie, kama alivyozoea kuwafanyia waimbaji wapya. Namsifu akaanza ubeti, akajikuta ametangulia mbali, akasimama kumngoja. Kidole kikagusa. Akaimba neno moja. Akangoja tena, macho yake kwenye kioo, ambako moyo ulikuwa bado unaandika sabini.

Kidole kikagusa. Akaimba neno moja.

Akangoja.