Damu ya Angelina

Selina alipozinduka katika chumba cha wagonjwa mahututi mjini Karatu, jua la saa nne lilikuwa dirishani na mtu alikuwa akimwita kwa jina lisilo lake.

"Angelina."

Alidhani ni masikio tu. Juzi alikuwa amejifungua, akavuja damu hadi akazimia, na damu ya kundi lake haikuwepo hospitalini. Dada yake Angelina ndiye aliyekuja mbio kutoka Rhotia na kunyoosha mkono. Sasa mfuko wa pili wa damu yake ulikuwa ukimdondokea Selina mshipani.

"Nesi, nani ananiita?"

Nesi Doreen alitazama huku na huku. "Hakuna mtu, mama. Pumzika."

Lakini harufu ya ngozi mbichi ilipanda kutoka palipochomwa sindano, mkono ukawa wa baridi, na ile sauti, sasa nzito ya kiume, ikaanza kumsimulia taratibu mambo ya dada yake, jinsi mumewe alivyomkimbia kwa kuwa alinguruma usingizini, jinsi katekista alivyomwombea miaka minne bila nafuu, na jinsi mganga mmoja alivyomnong'oneza kwamba jini aliye ndani yake hatoki ila ahamie kwenye damu ya tumbo moja.

Mchana Angelina alikuja na chupa ya uji. Uso ulikuwa umenawiri. Alisema siku hizi mbili amelala kama mtoto.

"Dada," Selina alinong'ona, "ulijua?"

Angelina alishika kifuniko cha chupa, asikifungue. "Bila damu ungekufa."

"Sijauliza hilo."

"Nilijua."

"Ungeniambia tu, dada. Ningekubali. Tungembeba jini huyu sote wawili."

"Ungekataa," Angelina alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ningekataa." Akaweka chupa sakafuni, akaondoka bila kugeuka.

Jioni Doreen alimleta mtoto anyonye. Maziwa hutoka kwenye damu, Selina aliwaza, na mtoto ni damu yake. Akajigeuzia ukutani, akakumbatia kifua chake. "Mrudishe, nesi. Apewe maziwa ya kopo."

Mtoto akaangua kilio, naye Selina akauma mto ili asimwite, akauma hadi fizi zikatoa damu, lakini kinywa kikafunguka chenyewe na kuanza kumbembeleza kwa ile sauti nzito ya kiume, polepole, kwa upendo, huku Doreen akiganda mlangoni asijue aingie au atoke, na mtoto mikononi mwake akanyamaza, akageuza kichwa, akaanza kutafuta ziwa.