Nguzo ya Brokoli

Majirani walimwita Mzee Stoo, kwa sababu alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja. Huko kazini kila kitu kilikuwa na mahali pake. Misumari hapa, rangi pale. Alipostaafu, alihamishia utaratibu huo nyuma ya nyumba. Alilima matuta manne, na kila tuta akalisimikia nguzo ya zege yenye jina: NYANYA, VITUNGUU, MAHARAGE, BROKOLI. Mke wake alisema hata makaburi hayana alama nzito hivyo.

Brokoli ndizo zilizomtoa jasho. Mboga hii ni ndugu wa kabichi, ila unakula kichwa chake cha maua kabla hakijachanua. Misimu miwili mfululizo majani yalitobolewa yakabaki kama chujio. Hakuvuna hata kichwa kimoja.

Mke wake alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni, na kamba za kuanikia hazikumtosha. Msimu wa tatu ulipoanza alisema wazi.

"Baba watoto, safari hii zikiliwa tena, pale namwaga zege. Nataka mahali pa kuanika."

Mzee Stoo alikwenda kusimama kando ya tuta. Tangu aache kazi, bustani ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa chini ya mamlaka yake. Leo tuta moja, kesho yote manne. Aliogopa.

Jirani yake, fundi wa mapazia, alikuwa na kabichi nzima nzima, na alizifunika kwa neti nyeupe. Mzee Stoo aliichungulia juu ya ukuta. Kumuuliza hakumuuliza. Alishusha pazia jepesi la sebuleni, akaifunika miche yake iliyokuwa na wiki mbili shambani, akakandamiza pembe kwa mawe. Kisha akapangusa mikono na kwenda kunywa chai.

Siku kumi baadaye alifunua. Viwavi wanene wa kijani walikuwa wakila kwa raha zao, na vipepeo wawili weupe walikuwa wakihangaika kutafuta pa kutokea. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenyong'onyea. Ndipo alipokwenda kubisha hodi kwa fundi.

Fundi alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Aligeuza jani moja, akaangalia chini yake.

"Hili pazia ulilifunika lini?"

"Miche iliposhika vizuri. Wiki mbili baada ya kuipanda."

"Na msimu uliopita hapa palikuwa na nini?"

Mzee Stoo alionyesha nguzo. Na msimu wa kabla yake? Alionyesha nguzo ile ile.

"Mzee wangu," fundi alisema, "katika wiki mbili hizo vipepeo walishataga. Wewe ukafunga mlango mwizi akiwa ndani. Tena ukamlinda asiliwe na ndege."

Akamweleza taratibu. Kipepeo hutaga mayai chini ya jani, kwa hiyo neti huwekwa siku ile ile ya kupanda, baada ya kukagua kila mche. Neti iinuliwe kwa fito zilizopindwa, isiguse majani, maana kipepeo anaweza kutaga kupitia matundu. Kingo zifukiwe kwa udongo. Brokoli haihitaji nyuki ili ifunge kichwa, hivyo neti inaweza kukaa hadi mavuno. Tena kuna wadudu wanaolala ardhini. Ukipanda palepale, wanaibukia ndani ya neti. Palipoota brokoli, kabichi au sukuma wiki, pasirudiwe na ndugu hao kwa misimu mitatu.

Mzee Stoo aliuliza kama hakuna dawa ya kupulizia kazi iishe.

"Anza na macho na kidole. Mara mbili kwa wiki geuza majani, ponda mayai. Vidukari, wale wanaofyonza majani, ni wadogo, wanapenya neti. Hao waoshe kwa maji. Kidole hakiachi sumu kwenye chakula."

Kama mtunza stoo yeyote, alikuwa na akiba: miche kumi na minane kwenye makopo kibarazani. Fundi alitazama tuta la maharage, lililokuwa limevunwa karibuni, akasema miche ipandwe hapo.

"Lakini pale pameandikwa maharage."

"Vipepeo hawasomi, mzee."

Mke alicheka kule kwenye kamba. Akaja mwenyewe, akavuta neti ile ya pazia juu ya fito na kuibana kingo kama anavyotandika vitanda vya wageni, bila mkunjo. Alisema anampa nafasi moja ya mwisho, na mkataba ni ule ule: zikiliwa, zege.

Kila Jumatano na Jumapili Mzee Stoo alipiga magoti na kugeuza majani. Alikuta mayai mara tatu, akayaponda. Wiki ya kumi na moja alikata vichwa kumi na viwili vilivyoshikana vizuri, akavipanga juu ya meza ya jikoni kwa ukubwa. Mke wake alikipima kimoja mkononi, akasema zege halimwagwi tena.

Kesho yake Mzee Stoo aling'oa nguzo zote nne bila kuambiwa. Mbili, ya BROKOLI na ya MAHARAGE, alizisimika upya kando ya ukuta, akafunga kamba mpya katikati yake. Jioni mke wake alimtuma akalete shuka lililobaki.

"Liko wapi?"

"Lile la mwisho, pale brokoli."

Alikwenda kulianua.