Mkate wa Vipande Vikubwa

"Umekula?"

Swali lilimwingia Dang Xiuling sikioni kupitia kidude kidogo kuliko punje ya mchele.

"Bado," alijibu, midomo haikucheza.

"Na mgeni wako?"

"Naye bado."

"Akila, kula naye."

Sauti ikakatika. Mji mzima wa Xi'an huamkiana kwa swali hilo, ndiyo maana Mkuu Fan alilipenda. Siku ile lilimaanisha kwamba mgeni angekabidhiwa mali wakati wa chakula, na asiguswe mpaka aishike mkononi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mbele yake juu ya ukuta wa mji, akikanyaga baiskeli ya kukodi. Jina lake Lennart Voss. Alikodi mwongoza watalii wa peke yake kwa siku nzima, ndiye Xiuling, kisha hakutazama kitu chochote ila saa yake ya Omega.

"Niko peke yangu," alikuwa amesema asubuhi kwa Kichina cha kusomea, akikitazama kibendera chekundu cha Xiuling na kipaza sauti kiunoni mwake. "Bendera ya nini?"

"Nisije nikakupoteza, bwana."

Voss alicheka. Hakujua kwamba kijiti cha bendera ile kilikuwa chuma kitupu, na ukikibonyeza kinarefuka.

Alichokuja kuchukua ni chui milia wa shaba, mdogo kama kidole gumba, ambaye zamani jemadari aliyemshika ndiye aliyeliamuru jeshi la mfalme. Genge la wezi wa makaburi lilimfukua na kumchinja mlinzi. Lakini si chui aliyemkosesha Xiuling usingizi. Ndani ya genge lile, kwa jina la uongo, alikuwemo Luo Bingzhang. Jasusi mwenzake.

Mumewe.

Na Bingzhang alikuwa amenyamaza tangu Jumatatu.

Kwenye lango la kusini Voss alisimama kununua maji. Xiuling akaingia ngazi za mnara kupiga simu.

Mkono ukamdaka begani. Ncha ya kisu ikagusa mbavu.

"Tulia, shemeji."

Alikuwa kijana wa koti la ngozi, kinywa kinanuka kitunguu saumu.

"Shemeji yako nani?"

"Usinune. Nimeiona picha yako. Mumeo kaificha kwenye soli ya kiatu, masikini. Mapenzi bwana!"

Kanuni zinakataza picha. Bingzhang mjinga. Bingzhang kipenzi.

"Yuko wapi?"

"Anapumua. Vidole vyote tumemvunja, kimoja kimoja, na jina lako hajalitaja. Mwanaume yule, namsifu. Mgeni akishashiba, tunammaliza." Kijana akachomoa simu kwa mkono wa pili na kuifungua kwa kidole gumba. "Ngoja niwaambie wenzangu kwamba sura halisi inaishinda picha."

Macho yake yakashuka kwenye kioo cha simu.

Kosa.

Xiuling alizungusha kiuno. Kisu kikachana blauzi. Akakamata kifundo cha mkono wenye kisu, akakipindua mpaka kikalia. Kijiti cha bendera kikarefuka na kumwingia kijana kooni kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele.

Alimshusha taratibu ili viatu vyake visigonge ngazi. Damu ilikuwa nyingi. Akamburuta mpaka kwenye stoo ya mafagio, akavaa sweta juu ya blauzi iliyochanika, akakifuta kijiti kwa koti la marehemu.

Simu ya marehemu ilitetemeka mkononi mwake. *Uko wapi?*

Akaandika: *Nyuma ya mgeni. Shwari.*

"Fan," alinong'ona. "Mmoja kalala, ngazi za lango la kusini. Lete turubai."

"Nilisema usiguse mtu!"

"Yeye ndiye aliyenigusa."

Voss alimpokea kwa uso uliokunjamana. "Umechelewa."

"Foleni ya choo, bwana. Mji wetu una watu wengi."

"Nina njaa. Nipeleke kwa Babu Tie. Nasikia supu yake haina mfano."

Mikahawa yote ya mji huu, na mtu huyu ataje huo!

Babu Tie anapika nyuma ya Mnara wa Ngoma, kwenye vichochoro vya Waislamu. Kwake unapewa bakuli tupu na mikate miwili migumu ya bapa. Unamega mwenyewe, kila mtu wake, vipande vidogo kama punje za soya. Bakuli linakwenda jikoni na kibao cha namba, Babu Tie anatia nyama ya kondoo na supu, anachemsha, linarudi kwako. Ukimega vipande vikubwa, bakuli linarudi kavu, na matusi juu. Hajali wewe ni nani. Siku Bingzhang alipompeleka Xiuling pale kumposa, bakuli lake lilirudishwa mara tatu. "Kumega mkate humudu," mzee alinguruma kutoka dirisha la jikoni, "mke utammudu?" Mkahawa mzima ulicheka, na Xiuling akakubali kuolewa.

Leo hapakuwa na mtu. Mchana kweupe, meza zote tupu. Mhudumu wa kofia nyeupe, mpya mpaka mikunjo ya dukani inaonekana, alifunga mlango nyuma yao, macho yake kwa mgeni peke yake.

"Tuna shughuli maalumu," alisema. "Nyinyi tu."

Alileta mikate. Voss akaivunjavunja haraka haraka, vipande kama vya kutupia bata, akasukuma bakuli. Mhudumu akalipeleka jikoni.

Xiuling alingoja ngurumo.

Kimya.

Kupitia dirisha la jikoni aliona mgongo mpana usio wa Babu Tie. Labda mwanafunzi wake? Lakini wanafunzi wa mzee ndio wakali zaidi, maana wamefunzwa kwa mwiko wa kichwani.

Akachukua mkate wake mwenyewe. Akaukata mapande manne tu, makubwa, ya aibu. Mama yake angemwona angelia.

"Tayari," alisema.

Mhudumu akachukua. Hakutazama hata.

Kimya tena. Mabakuli mawili yakarudi yakifuka moshi.

Kwenye jiko lile hakuwemo Babu Tie, wala mtu yeyote aliyewahi kufundishwa naye. Jiko limetekwa. Mzee yuko nyuma, hai au maiti. Na genge lenye mali ya kukabidhi na mateka wa kumaliza haligawi walinzi wake sehemu mbili. Bingzhang yumo humu humu.

Voss alizamisha kijiko mpaka chini ya bakuli. Kikagonga kitu. Akakitoa, akakifunga kwenye karatasi laini, akakitia mfukoni.

Hakuonja hata tone.

"Nimeshiba," alitangaza kwa sauti.

Mhudumu akageukia jikoni na kutoa ishara kwa kichwa.

"Fan. Kala."

"Kikosi kinafika. Dakika kumi, usiingie!"

"Hana dakika kumi."

Xiuling alisimama na tabasamu lake la kazini. "Bwana Voss, ziara yetu imefikia mwisho."

Kijiti kikashuka. Mfupa wa mkono wa Voss ulivunjika kama kuni kavu. Kabla hajapiga yowe, uso wake ulikuwa ndani ya bakuli la moto. Pingu moja mkononi mwake, nyingine kwenye mguu wa meza ya chuma.

"Tafadhali usiachane na kundi."

Risasi ilipasua kipaza sauti kiunoni mwake. Mhudumu alikuwa na bastola. Xiuling aliangukia bega, akajiviringisha, akachomoa yake, Aina ya 92, akampiga mbili kifuani. Kofia mpya ikabingiria mpaka mlangoni.

Akaupiga teke mlango wa jikoni.

Mpishi wa bandia alikuwa ameshamtoa Bingzhang stoo. Alimkumbatia kama ngao, kisu cha bucha shingoni. Uso wa Bingzhang ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki. Mikono ilining'inia, vidole vimeelekea kila upande.

Xiuling alitaka kulia. Alitaka kuua. La pili lilikuwa karibu zaidi.

"Tupa chuma, mama," mpishi alisema. "Au nikukatie nyama ya mumeo, kilo ngapi?"

Akaitupa bastola sakafuni.

"Xiuling," Bingzhang alikoroma, "mwambie huyu... hata kitunguu hajui kukata."

Kisha akarusha kichwa nyuma. Pua ya mpishi ikapasuka. Bingzhang akaanguka chini kama gunia.

Xiuling alikuwa ameshashika upawa mrefu. Supu ya Babu Tie ilikuwa ikichemka tangu usiku wa jana. Aliichota na kummwagia mpishi machoni. Mtu yule alipiga ukelele wa mnyama, kisu kikapita hewani na kumchana Xiuling bega mpaka mfupani. Hakurudi nyuma. Alimkamata kisogo kwa mikono miwili, akampigiza ukingoni mwa sufuria, akampigiza tena, kisha akamzamisha na kumshikilia humo mpaka miguu ilipoacha kurusha mateke.

Halafu akapiga magoti.

"Ulificha picha," alisema.

"Nisamehe."

"Mjinga wewe." Akamkumbatia, akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Kikosi kilipofika, walimkuta Babu Tie nyuma ya magunia ya unga, amefungwa kamba, kitambaa kinywani. Kilipotolewa, alimtazama Xiuling.

"Umejuaje kama tumo humu?"

"Bakuli halikurudishwa, Babu."

Mzee alifumba macho. Machozi yakamtoka. Kisha akamwona mtu aliyeinamia sufuria.

"Lahaula! Supu yangu yote najisi!"

Mkahawa ulifunguliwa tena wiki iliyofuata, na sufuria mpya. Voss alikuwa rumande, chui milia kwenye kabati la kioo la makumbusho. Meza zote zilijaa.

Bingzhang aliketi karibu na ukuta, mikono yote miwili ndani ya plasta. Mhudumu aliweka mabakuli mawili na mikate. Bingzhang akaitazama yake, akainamisha kichwa.

Kwa Babu Tie, mtu hammegei mwenzake. Haijawahi kutokea.

Xiuling aliuvuta mkate wa mumewe na kuanza kumega. Bega lilimuuma, vidole vilikuwa vizito. Bakuli likaenda jikoni.

"Nani kamega hii?" dirisha likanguruma. "Tembo?"

Likarudi kavu. Mkahawa mzima ukacheka. Bingzhang alicheka mpaka machozi, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, Xiuling akamfutia kwa ncha ya mkono wa sweta.

Simu ikalia.

"Umekula?" aliuliza Mkuu Fan.

"Mume wangu bado."

"Kuna mgeni anatua saa kumi. Anataka mwongoza watalii wa—"

Xiuling alizima simu, akavuta bakuli karibu, akaanza kumega upya.