Uzito Kwenye Kiti cha Abiria

Mizani ya miwa pale Shianda ilisema kilo mia tisa na hamsini. Muhonja aliisoma mara mbili, akashuka jukwaani akaisoma tena, maana alidhani labda amejipima pamoja na gari. Wapi! Gari lilikuwa tupu, milango imefungwa, na bado ni mia tisa na hamsini.

"Rudisha sufuri, tupime upya," alimwambia Ochieng, karani wa mizani.

"Mwalimu, nimerudisha mara tatu." Ochieng alichungulia dirishani, kisha akamgeukia. "Ama kuna mtu umemwacha ndani?"

Wakacheka. Muhonja hakucheka sana. Mwezi uliopita, kwenye mizani hiyo hiyo, gari lilikuwa mia tisa na arobaini. Tangu hapo alikuwa amelivua zulia, tairi la akiba, mashine ya baridi, redio, na lami ya kuzuia kelele iliyogandishwa sakafuni, ambayo aliibandua kwa patasi Jumamosi mbili mfululizo. Vyote alivipima nyumbani: kilo sitini kamili. Kwa hesabu yoyote ile, gari lilipaswa kuwa mia nane na themanini. Kilo sabini nyingine zilikuwa zimeingilia wapi?

Muhonja alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Kakamega, na gari hilo dogo la mbio, jekundu, la viti viwili, ndilo lililokuwa starehe yake. Wenzake walikuwa na kwaya. Yeye alikuwa na spana. Alilinunua Ekero kwa mjane wa mtu aliyeitwa Philemon, lilikokaa miaka mitatu chini ya turubai, na tangu siku hiyo gereji ya nyumbani kwao Lurambi ikawa haikosi mwanga wa taa. Alitaka kulipeleka kwenye mashindano ya kupanda kilima mwezi wa Desemba. Katika kilima, alimwambia Baba Tracy, mumewe, mwenye gari jepesi ndiye mwenye siku yake.

Basi akazidi kulipunguza. Alitoa vioo vya milango na cha nyuma akaweka plastiki ngumu. Alitoa vishikio vya ndani vya milango, mahali pake akafunga vitanzi vya kamba. Alifunga mikanda minne ya mbio inayokutana kifuani kwenye kifungo kimoja. Akarudi Shianda akiwa amepunguza kilo thelathini zaidi, na mizani ikasema mia tisa na tisini.

Safari hii Ochieng hakutania. "Mwalimu," alisema polepole, "hilo gari usinipimishe tena."

Njiani kurudi, Muhonja alianza kunusa harufu ya miwa iliyochomwa moto, ingawa hakuna shamba lililokuwa likiungua. Alipokata kona, gari liliinamia kushoto, upande wa abiria, kama linavyoinama mtu mzima akiwa amekaa hapo. Alipofika nyumbani aligusa kile kiti. Kilikuwa na joto.

Alikiondoa kiti jioni ile ile. Alifungua nati nne, akakiburuta hadi nyuma ya nyumba, akanawa mikono.

Kesho yake mchana, mvua ya saa tisa ikipiga mabati ya gereji, alikuwa amelala chali chini ya gari akimwaga oili ya giaboksi, gari likiwa limepandishwa kwenye stendi nne za chuma. Akasikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa, kisha ukafungwa taratibu, namna mgeni mwenye adabu anavyofunga.

"Baba Tracy? Ni wewe?"

Bati la sakafu, lile lile alilolibandua lami kwa mikono yake, likabonyea juu ya uso wake, kwanza kwa upana wa mtu anayekaa chini, halafu mbele kidogo zikatokea nyayo mbili, ndefu kuliko nyayo za mtu na nyembamba kisiginoni, na stendi zikaanza kulia, na harufu ya miwa iliyoungua ikashuka ikamjaa puani, na sauti, si ya mwanamume wala si ya mwanamke, ikasema bila hasira:

"Umenitolea kiti. Sasa nakaa chini."

Muhonja hakumbuki alivyotoka. Wanjala, mumewe, alimkuta jikoni ametapakaa oili hadi kwenye nywele. Wanjala alikuwa mtu wa ofisi ya ardhi, mpole, asiyejua hata kukanyaga klachi. Alimsikiliza hadi mwisho, sauti zao zikiwa za chini kana kwamba gereji ina masikio.

"Si ulirudishe tu kwa wenyewe?"

"Nitalirudisha kesho. Mchana kweupe. Wewe utasimama hapo mlangoni unione nikitoka."

Ndivyo walivyofanya. Jumamosi saa sita, jua kali, Muhonja alirudishia oili, akalishusha gari, akaingia. Hakukusudia kufunga mkanda hadi atoke getini. Lakini mlango ulijifunga, na mikanda minne ikaja yenyewe, miwili mabegani na miwili kiunoni, ikakutana kifuani. Ikalia *ka*.

Alivuta kitanzi cha kamba, kikabaki mkononi. Alibonyeza kifungo cha mkanda hadi ukucha ukavunjika. Nje, Wanjala alivuta mlango, mguu ukiwa umekanyaga ubavu wa gari, wapi. Akachukua nyundo akapiga dirisha, na plastiki ile ikairudisha nyundo kama ngoma. Plastiki hiyo Muhonja aliichagua mwenyewe kwa sababu haivunjiki.

Kila pigo, mikanda ilikaza.

"Acha! Baba Tracy, acha, inanibana! Siwezi kupumua!"

Wanjala akaangusha nyundo. Aliweka kiganja kwenye plastiki na Muhonja akaweka chake kwa ndani.

"Kuna Maalim kule Mumias," Wanjala alisema. "Makokha. Watu wanamwitanga kwa mambo kama haya. Nampigia."

"Usiondoke."

"Siondoki. Napiga nikiwa hapa hapa."

Maalim alichukua saa tatu kufika. Kwa saa tatu Muhonja alikaa na kile kilichokuwa kimekaa sakafuni kando yake, hakioni ila anaona bati lilivyobonyea, anasikia pumzi inayokwaruza kama majani makavu ya miwa yakisuguana, na jasho likimtiririka mgongoni, na mvua ikaanza tena, na hewa mle ndani ikawa nzito na tamu hadi akaona atatapika, na mwishowe, kwa kuwa woga nao huchoka, akauliza kwa kunong'ona:

"Wewe ni nani?"

"Abiria."

"Wa nani?"

"Philemon alinikuta njiani mvua ikinyesha, akanifungulia mlango, akaniambia ingia nikupeleke. Tulipofika kwenye mwanga akanitazama miguu. Akaliacha gari, akakimbia. Aliyenipandisha hakunishusha, nami siwezi kushuka mpaka nifikishwe." Pumzi ikasogea karibu na sikio lake. "Miaka mitatu, mwalimu. Nimejikunja. Halafu ukaja wewe, kila siku unatoa kitu, unaniachia nafasi. Nikanyoosha miguu."

Maalim Makokha alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, kanzu yake imelowa pindoni. "Asalaam aleikum," alisema mlangoni mwa gereji, na haikujulikana alimsalimu nani. Alisoma kwa muda mrefu, kiganja kikiwa juu ya paa la gari. Kisha akauliza, akasikia majibu, na Wanjala naye aliyasikia.

"Huyu hafukuzwi," Maalim alisema hatimaye. "Huyu anapelekwa. Mama, utamwendesha hadi atakaposema. Sisi tutakuwa nyuma yenu na gari langu. Nawe pia, Wanjala, sikieni vizuri: akishuka atashukuru, na atawakaribisha kwake. Majini hurudisha wema kwa wema. Msiitike. Hata mkiitwa kwa sauti ya nani. Aliyeitika amekubali."

Mkanda ulilegea kidogo, kiasi cha mkono kufikia gia. Injini ikawaka bila ufunguo.

Aliendesha hadi Shianda, akapita soko, akapita mizani, akaingia njia ya trekta katikati ya miwa iliyofunga pande zote mbili na kufunika anga. Jua lilikuwa linazama. Majani yalikwaruza milango. Hakukuwa na mahali pa kugeuzia, na kila alipotaka kukanyaga breki, mguu haukusogea.

"Hapa," ikasema.

Gari likasimama. Mlango wa kushoto ukafunguka, na springi za upande ule zikainuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyeshusha mzigo. Miwa ikapisha, ikafunga tena. Kifungo kikafunguka kifuani pake. Muhonja aliangukia nje kwa magoti, akatambaa hadi kwenye majani mbele ya boneti, akalala pale uso ukiwa matopeni.

"Ahsante, mwalimu," sauti ilisema kutoka ndani ya shamba. "Karibu kwetu. Chakula tayari."

Akauma ulimi hadi akaonja damu. Hakuitika. Sauti ikamwita mara ya pili, kwa jina lake. Hakuitika. Ikanyamaza, na akaanza kulia kwa furaha, kimyakimya, akijua kwamba imekwisha.

Nyuma, gari la Maalim lilisimama. Akasikia mlango, akasikia viatu vya Wanjala vikikimbia kwenye tope. Wanjala alifika kwenye gari jekundu, akakuta kiti cha dereva hakina mtu.

Ndipo Muhonja aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya miwa, kushoto, mbali kidogo, ikilia:

"Baba Tracy! Baba Tracy, kuja unishike!"

Aliinuka kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akafungua mdomo apige kelele, matope yakamkaba kooni.

"Naam!" Wanjala aliitika. "Nakuja, mama!"

Maalim alimrukia akamziba mdomo. Yeye na Muhonja walimwangusha, wakamburuta hadi kwenye gari la Maalim. Maalim alisoma njia nzima hadi Lurambi, lakini alipoaga hakumtazama Muhonja usoni. "Alichokubali yeye kwa mdomo wake," alisema, "mimi sina mdomo wa kukikataa. Kaa naye."

Sasa ni wiki ya pili. Wanjala haumwi. Anakula obusuma, ugali wake wa kila siku, anauliza habari za Tracy aliye shule ya bweni, anakunja mashati yake. Muhonja ameomba ruhusa kazini. Amefunga milango yote miwili, funguo amezishonea ndani ya nguo, na hatoki hata kwenda dukani.

Jana saa kumi na mbili jioni walikuwa wamekaa mezani. Wanjala aliweka tonge chini, akageuza kichwa kuelekea mlango wa nyuma.

"Naam?" akasema.

"Hakuna aliyekuita," Muhonja alinong'ona. Alimshika shati kwa mikono miwili.

Wanjala alimtazama kwa upole ule ule wa siku zote, akaanza kuinuka, na shati likaanza kuchanika taratibu begani.

"Niachilie, Mama Tracy," alisema. "Wamesema si mbali."