Kura Iliyopigwa Garini

Walikutana Blacktown, Australia, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, barakoa usoni, wote wawili wameshika mfuko mmoja wa unga uliobaki rafuni.

"Dada, niachie, nina njaa."

"Na mimi nina nini, harusi?" Chebet akamjibu. Alikuwa na sare yake ya unesi na viatu vyekundu, macho yanacheka. Methodi, fundi umeme, akauachia mfuko, akaondoka na namba ya simu. Akili nyingi huyo!

Mji ukafungwa kwa korona, mapenzi yakahamia kwenye simu.

Lakini Chebet alikuwa na vita. Baraza la usuluhishi la chama chao cha Waafrika Mashariki, wanaume watupu, lilikuwa limempa dada yake Jerotich makosa yote ya ugomvi wa ndoa bila hata kumwita aseme. Chebet akaleta hoja ipigiwe kura: wanawake waingie barazani, na asihukumiwe mtu kabla hajasikilizwa. Mwenyekiti wa baraza? Mzee Calvin, baba mdogo wa Methodi, ambaye Methodi alikuwa akiishi kwake.

Hoja ikajadiliwa kwanza kwenye Zoom. Nyumba moja, skrini moja, na baba mwenye nyumba ndiye anayenyoosha mkono kwa niaba ya wote. Mazoea yetu hayo, hata Australia tumekuja nayo. Mzee Calvin akanyoosha kupinga. Nyuma yake, kwenye kochi, Methodi kimya.

"Wewe ni bure kabisa!" Chebet akampigia.

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

Akakata. Simu zilizofuata hakupokea hata moja.

Siku ya kura, Methodi akatoka nje, akajifungia garini, akaingia kikaoni kwa simu yake. "Mimi ni mwanachama. Naunga mkono hoja."

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mkewe Mzee Calvin, Stephania, kanga kiunoni, akaketi pembeni yake na simu yake mwenyewe. "Na mimi naunga mkono!"

"Katiba inasema mwanachama," akasema katibu Verdiane. "Haisemi nyumba."

Weee! Simu zikawashwa majikoni Minto, vyumbani Campbelltown, wake na mabinti, na hoja ikapita kwa kishindo. Jerotich akapiga vigelegele mpaka mwanawe akalalamika, "Mum, stop it!"

Chebet alikuwa akilia. "Methodi, nisamehe. Nimekuhukumu bila kukusikiliza."

"Siku ile nilishagombana na baba mdogo, akanikataza kusema kwenye skrini yake. Leo nasema mbele ya wote: Chebet, nataka kukuoa."

Vigelegele tena, skrini nzima.

"Kimya!" Mzee Calvin akanguruma. Akakohoa, akarekebisha miwani. "Si mmepitisha wenyewe? Haamuliwi mtu kabla hajasikilizwa. Binti, wewe unasemaje?"

"Nasema ndiyo, Mzee."

"Basi andika, katibu."